Mkalimani Wangu wa Jumamosi

Nianze na lililo gumu. Binti yangu alipokuwa ananitafsiria gemu yake kwa Kiswahili, Jumamosi baada ya Jumamosi, mimi nilikuwa naelewa kila neno. Nimejaribu kuisimulia habari hii kuanzia mahali pengine, na kila mara najikuta nimeshaanza kujitetea kabla sijafika katikati.

Tunaishi Hounslow, Landani, watu watatu katika fleti ya ghorofa ya pili, karibu sana na uwanja wa ndege. Mgeni akija hunyamaza ndege inapopita, sisi tunaendelea kuongea kama hakuna kitu. Mimi napakia na kupakua mizigo hapo uwanjani. Naingia alfajiri, narudi mchana. Mke wangu ni muuguzi, na wikiendi nyingi zamu humwangukia yeye. Kwa hiyo Jumamosi nyumbani tulikuwa tunabaki mimi na binti yetu, kila mtu na ukimya wake, yeye sebuleni na gemu, mimi jikoni na redio.

Alikuwa na miaka kumi na minne. Heshima alikuwa nayo, sina malalamiko. "Shikamoo Baba" asubuhi, "asante Baba" akimaliza kula. Katikati ya hayo mawili kulikuwa na Kiingereza kifupi kifupi. Nikimuuliza kwa Kiswahili habari za shule, anajibu kwa Kiingereza kwamba ni nzuri. Nikimuuliza nzuri vipi, anasema nzuri tu, na macho yameshahama.

Siku moja nilichukua chai yangu nikaenda kukaa naye kwenye kochi. Sikuwa na hamu yoyote ya gemu, nilitaka tu kuwa mahali alipo. Kwenye skrini kulikuwa na msichana aliyevaa koti la mvua la ngozi, anatembea kando ya mto, na nyuma yake anachechemea mzee mmoja mwenye sikio moja. Mzee akasema kitu kirefu, kwa Kiingereza cha kale, kile cha wafalme na mapanga. Nikauliza, kwa mazoea tu, "Anasema nini huyo mzee?"

Binti yangu akanijibu kwa Kiingereza, maneno mawili matatu.

Sijui ni kitu gani kilinisukuma. Nikasema, "Sijaelewa, mwanangu. Hicho Kiingereza chao kimenipita."

Ulikuwa uongo. Nimesoma kwa Kiingereza tangu sekondari, na miaka yangu yote ya hapa Landani imekuwa ya Kiingereza, kazini, benki, hospitalini. Yule mzee nilikuwa nimemwelewa vizuri kabisa. Lakini binti yangu aliguna, akasimamisha gemu, akafikiri kidogo, kisha akasema, "Anasema... anasema mto huu zamani ulikuwa unaenda chini. Sasa unaenda juu. Yeye hapendi."

Nilishika kikombe changu kwa mikono miwili. Sauti ile sikuwa nimeisikia kwa miaka. Binti yangu anapoongea Kiingereza ni msichana mkubwa wa Landani, ana haraka na ana uhakika. Kwa Kiswahili alirudi kuwa mtoto wa miaka mitatu anayeomba abebwe.

"Kwa nini hapendi?" nikauliza.

"Subiri, Baba. Tutaona."

Ndivyo tulivyoanza.

Gemu yenyewe ilikuwa hadithi ndefu. Msichana yule alikuwa mtoto wa mvushaji watu mtoni. Asubuhi moja mto uligeuka, ukaanza kupanda mlima badala ya kushuka, ukachukua mitumbwi, nyumba za ukingoni, na mama yake pia. Yeye akaanza safari ya kuufuata mto kwenda juu. Njiani alipata wenzake wawili, yule mzee mwenye sikio moja, ambaye alikuwa askari akatoroka jeshini, na mbweha mmoja anayeongea, ambaye kila alichosema kilikuwa uongo nusu. Mapigano yalikuwepo, lakini machache. Muda mwingi ulikuwa wa kuongea na watu. Ukikutana na mtu, anakwambia shida yake, halafu chini yanatokea majibu matatu au manne, na wewe unachagua.

Binti yangu hakukubali kuchagua peke yake. Alikuwa ananisomea yote kwanza, moja moja, kwa Kiswahili chake. Neno asilolijua alilizunguka. Joka alikuwa anamwita "mjusi mkubwa wa moto." Kiti cha enzi kilikuwa "kiti cha bosi." Laana ilikuwa "amewekewa kitu kibaya." Siku tulipokutana na mzimu, alifikiri muda mrefu, akasema, "Huyu ni mtu aliyekufa lakini bado hajaondoka."

Sikumsahihisha hata mara moja. Nilijiambia nikimsahihisha ataona aibu, ataacha. Hiyo ni kweli, lakini nusu tu. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa nafurahia. Jikoni, peke yangu, nilikuwa nayarudia maneno yake na kucheka. Siku moja nilimsimulia mke wangu habari za kiti cha bosi, naye akacheka, kisha akaniangalia.

"Kwani wewe huelewi hiyo gemu?"

"Naelewa."

"Yeye anajua kwamba unaelewa?"

Nikasema, "Si anafanya mazoezi ya lugha? Kuna ubaya gani?"

Mke wangu alichukua mkoba wake akaenda kazini. Namfahamu vya kutosha. Angekuwa ameridhika, angejibu.

Sasa nifike kwenye jambo la pili, ambalo sikumwambia mke wangu.

Mimi mwenyewe nilinaswa. Watu wa umri wangu hudhani gemu ni kupiga risasi na kelele, nami nilikuwa hivyo. Sikutegemea kwamba ningekuwa nainua masanduku ya watu kwenye mkanda wa mizigo, mgongo unaniuma, huku nawaza kama mama mmoja wa gemu, mwenye kinu cha unga, tulimjibu vibaya. Kazini kwangu hakuna anayeniuliza nafikiri nini. Mzigo unakuja, unaupeleka. Kule ndani ya gemu watu wanasimama mbele yako, wanakueleza kilichowasibu, kisha wananyamaza na kusubiri. Hata ukienda kuchemsha chai, ukirudi utawakuta bado wanasubiri jibu lako. Na ukiwajibu kwa wema, mbele ya safari wanakukumbuka. Kijana uliyempa mkate anakufungulia lango. Ni jambo dogo, linaweza hata kuchekesha, lakini mtu mzima anaweza kulionea kiu.

Jumatano moja nilirudi kutoka kazini, nyumba kimya, binti yuko shule, mke wangu amelala baada ya zamu. Pedi ya kuchezea gemu ilikuwa mezani. Nilijiambia naangalia tu jinsi inavyowashwa. Nikawasha, nikapunguza sauti. Nikafungua safari yangu mwenyewe pembeni, kuanzia pale tulipoishia Jumamosi, ili ya kwetu isiguswe. Nilijivunia hata uangalifu huo, kama mwizi anayefunga mlango vizuri akitoka.

Nilicheza mpaka nikasikia mke wangu anaamka. Kesho yake nikarudia, na keshokutwa yake. Wiki hazikupita nyingi nikawa nimekwenda mbele sana, nimefika sehemu ya kivuko cha zamani.

Pale kivukoni palikuwa na uamuzi. Mmoja wa wenzako lazima abaki ng'ambo hii kushika kamba ili wengine wavuke, au mzee au mbweha. Mimi nilimwacha mzee, kwa sababu ana nguvu. Tukavuka, safari ikaendelea, na baadaye sana njia ikaturudisha pale. Mzee alikuwa bado ameshika kamba. Baridi ilikuwa imemuua amesimama, kamba imezungushwa mkononi, kwa sababu aliambiwa asiiachie.

Nililia, sioni haya kulisema. Nililia mchana kweupe sebuleni kwangu, nimevaa fulana ya kazi yenye mistari inayong'aa.

Jumamosi tulipofika kivukoni pamoja, binti yangu alinisomea maelezo yote, akasema, "Mzee abaki. Ana nguvu."

"Hapana," nikasema. "Abaki mbweha."

"Mbweha ataachia kamba. Yeye muongo."

"Abaki mbweha, mama. Nisikilize."

"Kwa nini?"

"Moyo wangu tu unaniambia."

Aliniangalia, akatabasamu, akamwacha mbweha. Alinikubalia kwa sababu mimi ni baba yake na kwa sababu tulikuwa tunaamua pamoja. Alichokuwa hakijui ni kwamba nilishaamua bila yeye. Tulivuka salama, yeye akanipigia makofi, akasema kwa Kiswahili, "Baba, moyo wako una akili!" Nami nikacheka naye. Katika mambo yote, kile kicheko ndicho kinachonirudia zaidi.

Baada ya hapo kugundulika kwangu kulikuwa suala la muda. Aliyeficha kitu na anayekifurahia hawezi kukibana siku zote. Tulikuwa tumefika kijiji kimoja kilichokauka, tunapita nyumba hadi nyumba. Binti yangu alimpeleka msichana mbele ya mlango wa bluu, akanyoosha kidole kubonyeza, na mimi, mdomo umejaa mhogo, nikasema, "Humo ndani usimpe maji huyo mama!"

Mlango ulikuwa bado haujafunguka.

Binti yangu aliweka pedi mapajani. "Mama gani?"

Nikatafuna polepole kuliko kawaida.

"Baba. Mama gani?"

"Nimebahatisha tu."

Alifungua mlango. Ndani alikaa mama mmoja, midomo imepasuka, anaomba maji. Binti yangu hakuangalia skrini. Aliniangalia mimi, na kuanzia hapo aliongea Kiingereza.

Aliniuliza kama nilicheza bila yeye. Nikasema kidogo, mchana, Mama akiwa amelala. Akauliza kidogo mpaka wapi. Akauliza kuhusu kivukoni, ule moyo wangu. Nikainamisha kichwa. Nilidhani hilo ndilo litakuwa kosa langu mbele yake, na nilikuwa tayari kuliomba radhi. Lakini mtoto yule ana akili, na niliona uso wake unabadilika anapofika kwenye swali lililofuata.

"Nani alikuwa anakutafsiria?" aliuliza.

Nikarudisha kipande cha mhogo kwenye sahani.

"Nani, Baba? Mama alikuwa amelala. Nani alikusomea?"

"Nilisoma mwenyewe."

"Kwa hiyo unaelewa."

"Naelewa."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo, mwanangu."

Ndege ilipita juu, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile tulisubiri ipite. Kisha akasema kwamba alikuwa akitafuta maneno usiku kwenye simu ili Jumamosi asikwame. Alisema alikuwa anadhani mimi nina shida, kwamba labda hata kazini watu huniambia mambo nisiyoyaelewa, na alikuwa ananihurumia. Alisema alikuwa amemwambia rafiki yake shuleni kwamba yeye humsaidia baba yake.

"Ulikuwa unanicheka," akamalizia. Hilo alilisema kwa Kiswahili.

"Sikukucheka," nikasema, nami nilikuwa nimemcheka. "Nilitaka kukusikia unaongea lugha yetu."

Akasimama. "Wewe ndiye uliniambia niache!"

Nilitaka kukataa, nikashindwa, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Alipoanza chekechea alikuwa anaongea Kiswahili kitupu. Mwalimu alisema mtoto yuko kimya mno, na mimi niliogopa. Niliogopa ataachwa nyuma, ataonekana mjinga, atateseka kama nilivyoteseka mimi miaka yangu ya mwanzo katika mji huu. Nikaweka amri kwamba nyumbani ni Kiingereza tu. Akija kwangu na Kiswahili nilikuwa namwambia sema vizuri. Mtoto wa miaka mitatu, anataka maji, nasimama na kikombe mkononi namwambia sema vizuri kwanza. Mimi nilikuwa nimesahau, au nilikuwa nimejisahaulisha. Yeye hakusahau.

Alienda chumbani kwake. Yule mama kwenye skrini aliendelea kukaa na kiu yake, anasubiri tumjibu. Nilizima.

Mke wangu aliporudi jioni nilimweleza yote, pamoja na ya Jumatano. Alikuwa anavua viatu mlangoni, akavua taratibu mpaka nikamaliza.

"Umemwomba msamaha?"

"Bado. Amejifungia."

"Ukimwomba, usimweleze sababu zako," alisema. "Wewe una sababu nzuri nzuri. Omba msamaha, halafu nyamaza."

Nilifanya hivyo siku iliyofuata, nimesimama mlangoni kwake. Nilisema nilimdanganya, nilimcheka, na nilimnyang'anya lugha yake alipokuwa mdogo halafu nikaja kuidai kwa ujanja. Nikasema samahani. Kisha nikanyamaza, na kunyamaza kulikuwa kugumu kuliko kusema. Alisema sawa, kwa Kiingereza, ile sawa ya kutaka niondoke.

Aliimaliza gemu peke yake, na spika za masikioni. Nikipita sebuleni niliona yule msichana anatembea na mzee wake karibu na kilele cha mlima, midomo inacheza, hakuna sauti. Sikujua wanasema nini na nilistahili kutojua. Safari yangu ya pembeni niliifuta. Sitaki kujisifu kwa hilo. Kuna mchana mmoja niliwasha tena, nikakaa na pedi mkononi mpaka kahawa ikapoa, nikazima. Hamu ilikuwepo.

Miezi ilipita hivyo. Alikuwa na adabu zake zilezile, shikamoo na asante. Halafu ikaja mvua ya Pasaka, ya siku nyingi, shule imefungwa. Jumamosi nilikuwa naosha vyombo, akaja kusimama nyuma yangu.

"Baba, nimeanza gemu nyingine," alisema, na ilikuwa kwa Kiingereza. "Kuna maandishi mengi."

"Nzuri?"

"Sijui bado." Akaniwekea pedi juu ya meza, kando ya sufuria. "Leo usome wewe. Kwa sauti. Halafu unitafsirie mimi."

Nikafuta mikono.

Nilidhani ni kazi rahisi. Nilisoma ukurasa wa kwanza wa Kiingereza, naye akanisahihisha matamshi mara nne kabla ya nukta, bila huruma. Kisha nikaanza kutafsiri, na nikakwama papo hapo. Palikuwa na viumbe vidogo vyenye mabawa vinavyoishi kwenye taa, vina jina lao la Kiingereza, na mimi, mzaliwa wa Tanga, mwenye Kiswahili cha kujivunia, sikuwa na neno. Nikasema majini. Akasema hapana, majini ni wakubwa, hata yeye anajua. Nikasema malaika. Akasema hao wanaiba, malaika gani anaiba?

"Basi wewe ungesemaje?" nikamuuliza.

Alifikiri. Niliziona nyusi zake zikikutana, kama zamani, ila safari hii alikuwa ananiangalia kwa makini kuona kama nacheka. Sikucheka. Nilikuwa kweli sijui.

"Watu wa taa," alisema kwa Kiswahili.

"Ni neno zuri."

"Usiniambie zuri kama si zuri."

"Ni zuri. Mimi sina bora zaidi."

Aliendelea kuniangalia kidogo. Sidhani aliniamini kabisa, na sikumlaumu. Tangu siku ile huwa ananijaribu. Akisema neno la Kiswahili husimama na kuuliza, "Nimekosea?" Nikisema hapana, huuliza mara ya pili. Najua kwamba swali hilo la pili nimelipanda mimi, na sijui litachukua muda gani kuondoka. Siku nyingine amekosea kweli, nami namwambia amekosea, na namwona amekasirika na ametulia kwa wakati mmoja.

Jumamosi ile tulifika mbali kidogo. Watu wa taa walituibia ramani, tukabishana tuwafuate au tuwaache. Mimi nilitaka tuwaache. Yeye alitaka tuwafuate, akauliza, kwa sauti ya kawaida lakini bila kunipa nafasi ya kugeuza uso, kama nilishawahi kufika huko.

"Sijafika," nikasema.

"Kweli?"

"Kweli, mama. Sijui kuna nini."

Tukawafuata. Ikawa ni makosa makubwa, walitupeleka bondeni, tukapoteza karibu kila kitu tulichokuwa nacho. Binti yangu alipiga kelele, akajitupa nyuma kwenye kochi, akasema kwa Kiswahili kwamba watu wa taa ni washenzi. Mke wangu aliingia kutoka kazini, mwavuli unachuruzika, akauliza kelele za nini. Hakuna aliyemjibu, sote wawili tulikuwa tunatafuta njia ya kutoka.